Ngumi Moja Kulia

Habari ya kufa kwa Nahodha ilinikuta na tonge mdomoni, na wala si tonge dogo. Mke wangu alikuwa amepika ndizi na maharage, zile ndizi zake ambazo harufu ikitoka jikoni watu wa Mbeya mjini wanaulizana leo Tukuyu kuna nini. Simu ikalia. Kijana wa Kisondela akasema, "Babu fundi, shikamoo. Mzee Idrisa katutoka alfajiri. Tunazika baada ya adhuhuri." Nikataka kusema innalillahi, ndizi ikakataa kupisha neno. Mke wangu akanigonga mgongoni kwa kiganja, na akigonga yule mama hata mbuyu unakohoa. Alipojua ni nani aliyefariki, akakaa kwenye kigoda, akakunja ngumi ya mkono wa kulia, akaunyoosha mkono mbele ya uso, jicho moja kafumba, kama mtu anayelenga kitu. Na mimi nikakunja ya kwangu. Mjukuu wetu Rehema, ambaye ndiye anayeandika haya kwa sababu mimi na kalamu tuliachana zamani, alitukuta wazee wawili tumelinyooshea ngumi kabati la vyombo. Akasema, "Bibi, babu, mnapigana na nani?" Siku ile hatukumjibu, tulikuwa na msiba wa kuwahi. Leo ndiyo namjibu, na yeye anaandika, na nikizidisha chumvi ananiangalia kwa jicho la bibi yake.

Ukitaka kujua ulikuwa mwaka gani, usiniulize tarehe. Ni mwaka ule ambao mvua ilinyesha mpaka vyura wa Tukuyu wakaanza kuomba hifadhi ndani ya nyumba za watu. Najua utasema kila mwaka Tukuyu ni hivyo. Sawa. Mahali pengine mvua inakuja na kuondoka, hapa kwetu mvua ina kitanda chake na mswaki wake. Lakini mwaka ule ulizidi. Mimi nilikuwa kijana, fundi mwashi, mwepesi wa mkono na mwepesi zaidi wa mdomo, na nilikuwa na ugonjwa mmoja tu, unaitwa Mwanahawa. Mwanahawa alikuwa binti wa Mzee Shomari, fundi cherehani. Duka la mzee lilikuwa barabarani, na nyuma yake kulikuwa na chumba kimoja kirefu chenye giza, kimejaa vitambaa, cherehani mbovu tatu zinazokula vipuri vya cherehani nzima, na pasi ya mkaa iliyokuwa inawaka tangu asubuhi hadi jioni, kwa hiyo chumba kile ndicho kilikuwa mahali pakavu kuliko pote wilaya nzima ya Rungwe. Mpaka leo nikisikia harufu ya nguo mbichi inayopigwa pasi, moyo unaruka kama wa kijana.

Nilipewa kazi ya kupiga lipu ukuta mmoja wa chumba hicho. Kazi ya siku mbili. Niliipiga muda mrefu hadi ukuta ukanenepa. Nikimaliza upande huu, naona ufa upande ule. Nikiziba ule, huku kumepasuka tena, na nyufa nyingine, Mungu anisamehe, nilikuwa naziona mimi peke yangu. Sababu ni kwamba saa kumi Mwanahawa alikuwa analeta chai ya maziwa yenye tangawizi na mihogo ya kuchemsha, anaweka kikombe changu chini karibu na ndoo ya mchanga, anasema, "Fundi, ukuta bado unaumwa?" Namjibu, "Leo una homa kidogo." Anaondoka anacheka kwenye kanga. Siku moja Mzee Shomari akasimamisha cherehani, akavua miwani, akasema, "Hamisi. Ukuta wangu sasa mizinga haiwezi kuubomoa. Sema unachotaka." Nikasema. Nilisema kwa kumwangalia mwiko, siyo yeye. Mzee akaisahau pasi mpaka ikaanza kuunguza suruali ya mtu, akaitoa haraka, halafu akanipa jibu lake. "Binti yangu ndoa yake itafungwa ndani ya msikiti mpya. Fundi wa huo msikiti ni wewe. Jenga, uoe. Lakini nikuambie ukweli, kuna bwana wa Kyela kaleta posa, ana mashine ya kukoboa mpunga. Nimemwambia asubiri. Mwezi wa Ramadhani ukiandama na msingi haujatoka ardhini, namjibu yeye."

Utasema kazi rahisi, fundi jenga. Ningekuwa najua pa kuelekeza ukuta, ningejenga ule msikiti kwa meno. Msikiti wa zamani ulikuwa wa udongo, na mvua ile ilikuwa imeulamba ukuta mmoja kama mtoto anavyolamba sukari guru. Waislamu wa mji tulikuwa wachache, wafanyabiashara, mafundi, wachuuzi, na wote tulikubaliana kujenga mpya, kiwanja kipo, mawe yapo, mawe meusi ya kwetu haya ambayo ukichimba kisima unayakuta, ukichimba kaburi unayakuta, ukichimba viazi unayakuta. Tulikuwa tumeshayarundika kiwanja kizima. Tatizo likawa kibla. Mzee Shomari alikuwa na lake, na Mzee Bakari muuza nyama alikuwa na lake, na kila siku baada ya alasiri walikuja kugombana kwenye chumba kile kikavu, mimi niko ukutani nasikiliza na mwiko mkononi. Mvua ilikuwa inapiga bati kwa nguvu, kwa hiyo walipiga kelele, na siri zote za kamati zilikuwa zinafika sokoni kabla ya wenyewe hawajafika nyumbani.

"Babu yangu alikuja na mkeka wake kutoka Kilwa," anasema Mzee Shomari. "Kilwa wanasali kaskazini kavu, haina kona. Baba yangu kasali hivyo hapa hapa, na mimi nasali hivyo."

"Kilwa ni kule, Shomari, na sisi tuko huku!"

"Kaskazini ni moja, Bakari. Au na wewe unauza kaskazini kwa kilo?"

"Mimi nina dira. Mwanangu kaninunulia kazini kwake. Kuna kijitabu chake kinasema ukiwa sehemu hizi sindano ikae hapa."

"Dira yako jana imetuonyesha kilabu cha pombe!"

"Labda ilikuwa na kiu," nikasema mimi kutoka ukutani, na wote wawili wakageuka wakaniangalia, nikarudi kuziba ufa.

Lakini ilikuwa kweli. Dira ya Mzee Bakari ukiiweka pembe hii ya kiwanja inaonyesha huku, ukiiweka pembe ile inaonyesha kule, na siku moja walipoiweka juu ya rundo la mawe ilizunguka ikaonyesha kilabu, na walevi wakatupungia mkono. Maalim wetu, kijana mpole, alijaribu kusema kwamba vitabuni mwelekeo wa jumla unatosha, Mungu hana tabu na watu kwa kosa dogo. Wakamwambia, maalim, wewe bado mdogo. Ikafika mahali kwenye ule msikiti wa udongo, watu wa Shomari wakasimama hivi, wa Bakari wakasimama vile, na kwenye kusujudu vichwa vikagongana katikati. Rehema anasema vichwa havikugongana. Mimi nilikuwepo. Cha kwangu kiligongana na cha muuza vitunguu.

Basi katika mvua hiyo siku moja akaingia dukani mtu mrefu, mwembamba, amevaa koti la bluu lenye zipu mbovu na ndala za matope. Katembea kutoka Kisondela. Akasalimia kwa Kinyakyusa cha kwetu, "Ugonile, taata," halafu kwa Kiarabu cha salamu, halafu akavua koti akamwambia Mzee Shomari zipu imekataa. Huyo ndiye Idrisa. Alikuwa amefanya kazi kwenye meli za mizigo miaka na miaka, amerudi kumuuguza mama yake na kumlimia migomba. Mji mzima ukamwita Nahodha. Yeye alikuwa anakataa, anasema, "Mimi nilikuwa ofisa wa tatu tu." Tukamwambia hata ungekuwa wa kumi, hapa Tukuyu wewe ndiye wa kwanza, wengine wote chombo chetu cha majini ni beseni. Akakaa kusubiri zipu, na wazee wawili walikuwa tayari wameshaanza. Akasikiliza. Mwanahawa akamletea chai. Akasikiliza tena. Mwisho akasema taratibu, "Wazee, samahani. Hilo swali mimi nilikuwa naulizwa kila siku kazini. Siyo la Makka, la bandari. Uko hapa, unataka kwenda pale, elekeza wapi. Ninacho kitu kinajibu."

Kesho yake akaja nacho ndani ya soksi. Soksi ya sufu, nzito, safi kuliko soksi zote nilizowahi kuziona. Akatoa kalkuleta nyeusi, ndefu kama kipande cha sabuni ya mche, vitufe vidogo vingi kama mahindi kwenye gunzi. Mzee Bakari akasema kalkuleta hata yeye anayo buchani. "Hiyo yako ni ya kujumlisha maini, mzee," Nahodha akasema. "Hii unaipangia. Unaifundisha njia ya hesabu mara moja, kutoka mwanzo mpaka mwisho, inaikariri. Baadaye wewe unaipa namba tu, ulipo na unapokwenda, inapita ile njia yenyewe, inakupa mwelekeo." Mimi nilikuwa nimeshaacha mwiko. Mashine inafundishwa mara moja inakumbuka! Mimi nilifundishwa darasa la kwanza mara mbili, nikatoka na jina langu tu, na herufi ya mwisho mpaka leo naibahatisha.

Kabla hajaigusa, akaiomba dira ya Mzee Bakari, akaiweka mezani. Akamtuma mtu alete jiwe moja la kiwanjani. Akalisogeza jiwe, sindano ikalifuata kama mbuzi anavyofuata pumba. Mzee Bakari akasema, "Astaghfirullah." Nahodha akasema mawe haya yalitoka kwenye mlima wakati unawaka moto, yana chuma ndani. "Mmejaza mawe kiwanja kizima, halafu mnaiuliza dira katikati ya mawe. Mngekuwa mnasali kuyafuata mawe." Mzee Shomari akafurahi, meno yote nje. Nahodha akamgeukia na yeye. Akampeleka mlangoni. "Mzee, ule mlingoti wa ofisi pale mbele, uko wapi?" "Uko mbele yangu kabisa." "Sogea kushoto, sogea, fika kwenye ngazi ya jirani. Sasa uko wapi?" Mzee akasimama kwenye mvua, miwani inachuruzika. "Uko kulia kidogo." "Basi. Babu yako Kilwa, Makka ilikuwa mbele yake. Alipokuja huku alisogea kushoto, siku nyingi za kutembea. Makka haikumfuata." Mzee Shomari alibaki kwenye mvua pale kwa muda, anaangalia mlingoti, na mimi nikamwona midomo inatembea, nadhani alikuwa anamwomba radhi babu yake, au anamlaumu, sijui.

"Kulia kiasi gani?" akauliza alipoingia ndani. Nahodha akabonyeza, mashine ikafikiri kidogo, akasoma. "Digrii kumi na moja." Tukaangaliana. Digrii ni nini kwa muuza nyama? Ndipo akanyoosha mkono wake mbele, akakunja ngumi, akafumba jicho. "Ngumi moja, na unyoya. Simama uangalie kaskazini, nyoosha mkono, ngumi moja kulia." Mwanahawa alikuwa mlangoni na sinia. Akauliza, "Na sisi wenye ngumi ndogo?" Nahodha akacheka. "Mwenye ngumi ndogo na mkono wake mfupi, dada. Mungu kasawazisha." Sote tukanyoosha. Chumba kizima ngumi hewani. Angeingia mtu pale angekimbia kituo cha polisi.

Lakini, akasema, ngumi ni ya kujua tu, ukuta unataka zaidi, na kwanza tujue kaskazini ya kweli iko wapi, maana dira hapa ni mgonjwa. "Baharini dira ikitiliwa shaka tunaliuliza jua. Mashine hii nikiipa saa kamili, inaniambia saa hiyo jua limesimama upande gani kwa uhakika. Kivuli kikianguka, tunapima kutoka kwenye kivuli. Nataka redio ya kutupa saa, nataka timazi, na nataka jua." Redio alitoa Mzee Bakari. Timazi, ile kamba yenye chuma tunayopimia ukuta usimame wima, ninayo mimi, nilijisikia kama waziri. Jua ndilo lilikosekana.

Nikasimika miti mitatu kiwanjani, nikaning'iniza timazi katikati, nikasawazisha ardhi chini yake ikawa laini kama kiganja cha karani. Tukasubiri. Ukungu ulikuwa mzito unaweza kuukata kwa panga ukauuza kwa vipande. Kila asubuhi Nahodha alikuwa anakuja kutoka Kisondela, anakaa chini ya mwavuli uliovunjika, mimi niko chini ya mgomba, redio iko chini ya nailoni. Inapiga pi-pi-pi ya saa, tunaangaliana, anga ni jeupe kama uji. Mwanahawa anapita na chupa ya chai, anauliza, "Jua bado?" Nasema, "Limetuma salamu." Mwanzoni alikuwa anacheka. Baadaye akawa hachangamki tena, kwa sababu mwezi wa Shaaban ulikuwa unakatika, na yule bwana wa Kyela alikuwa ametuma gunia la mchele, mchele mzuri, mweupe, unanukia, na mimi nililishwa wali wa mchele huo nyumbani kwa mzee na kila punje ilikuwa inanipiga kofi.

Halafu likatokea la betri. Mashine ilikuwa inalala kwenye chumba cha Mzee Shomari kwa sababu ya ukavu, ndani ya soksi, karibu na pasi. Siku moja mzee akaona maandishi yake yamefifia. Sasa wewe unajua, hapa kwetu betri ya redio ikichoka hatuitupi. Tunaianika juani inapata nguvu ya taarifa ya habari nyingine moja. Jua hakuna, kwa hiyo mzee, kwa moyo mweupe kabisa, akazitoa zile betri, akazipanga juu ya pasi ya mkaa ziote moto kidogo, akazirudisha. Nahodha alipokuja asubuhi akaiwasha. Akabonyeza. Akabonyeza tena. Akaiweka mezani polepole. "Imesahau," akasema. "Mashine hizi ukitoa betri zinasahau kila kitu."

Mzee Shomari akasema ni yeye aliyezitoa, azioteshee moto. Mzee Bakari akasimama. "Shomari ameua kibla! Alijua anashindwa, akaimaliza!" Mzee Shomari akazitoa tena zile betri. Akawa anaziangalia kiganjani, na kwa mara ya kwanza nikamwona ni mzee. "Nilitaka isaidike," akasema. "Nilitaka niamke niione inawaka." Akamwangalia Mwanahawa, akaangalia chini haraka. Ndipo nilipoelewa kwamba na yeye hakutaka kumjibu bwana wa Kyela. Alikuwa amejifunga mwenyewe kwa neno lake mbele ya watu, na alikuwa anasubiri jua kama mimi.

Nahodha akavuta kigoda. "Mzee, kaa. Mwalimu bado hajafa, mwanafunzi ndiye kasahau. Leteni betri mpya, nitaifundisha tena." Hesabu zile zote alikuwa nazo kichwani kama sisi tulivyo na Alhamdu. Lakini vidole vyake vilikuwa vimekakamaa kwa jembe na baridi, vikibonyeza kitufe kimoja vinabonyeza vitatu, kwa hiyo akamwita Mwanahawa, mwenye vidole vya kutunga uzi kwenye sindano gizani. Yeye anataja, Mwanahawa anabonyeza, mimi nimepewa cheo cha kushika ndoo pale bati linapovuja juu ya meza. Nilishika ndoo ile kama bendera ya taifa. Walipomaliza mara ya kwanza wakaiuliza Makka, ikajibu ya kwamba Makka iko kule bondeni, kuelekea Ziwa Nyasa. Mzee Bakari akasema, "Sasa tutasali tunaangalia samaki." Hata Mzee Shomari akacheka, na ndicho kicheko cha kwanza cha hao wawili pamoja tangu mvua zianze. Palikuwa na kitufe kimoja kimerukwa. Wakaanza upya, kitufe kwa kitufe, chai ikapoa, mihogo ikaliwa na wageni. Mara ya pili Nahodha akaiuliza kwanza bandari mbili alizozijua kama mlango wa kwao, ikajibu sawasawa. Akaiuliza Makka. Digrii kumi na moja. Mwanahawa akaninyooshea ngumi juu ya meza, jicho kafumba, na mimi nikasahau ndoo, maji yakanimwagikia yote. Sikuhisi baridi. Nilihisi nimekogeshwa asali.

Jua lilikuja siku ambayo hakuna aliyeliomba. Asubuhi ukungu ule ule, nikawa nimeanza hata kung'oa miti nikaitumie kwingine, mara ardhi chini ya timazi ikabadilika rangi. Kikatokea kivuli chembamba cha kamba, hafifu, kama mstari wa penseli. Nikapiga kelele iliyosikika Nkunga mpaka Suma. Watu wakamiminika, Mzee Bakari na aproni ya damu na redio kwapani, Mzee Shomari na futi ya kitambaa shingoni. Nahodha akapiga magoti kwenye matope, mashine mkononi. Redio ikaanza, pi, pi, pi. "Sasa!" Nikapigilia kigingi kwenye kivuli, puh, na puh ya pili mbele yake, na ukungu ukafunga mlango tena. Ilikuwa imetosha. Akaipa mashine ile saa, ikamwambia jua lilikuwa limesimama wapi, akaniambia pima futi hizi mbele, hizi pembeni, namna ile ile tunavyotafuta pembe mraba ya nyumba. Hapo mimi sikuhitaji kusoma. Nikavuta uzi wa kujengea kutoka kigingi hadi kigingi, nikaukaza mpaka ukaimba.

Tukasimama nyuma ya uzi tunauangalia, unaelekea kwenye ukungu mtupu. Halafu upepo ukaja ukalifunua lile jeupe polepole, kama mtu anayefunua sufuria, na Mlima Rungwe ukatokea mbele yetu, na uzi wetu umeligusa bega lake la kulia. Tulikuwa tunauona mlima ule tangu tuzaliwe, hakuna aliyewahi kuuliza uko njia ya wapi. Mzee Bakari akamsogelea mwenzake. "Shomari, wewe umekosea ngumi moja. Mimi nimekosea mwili mzima." Mzee Shomari akamshika mkono, hakuuachia, wakabaki wameshikana kama watoto wanaovuka barabara. Kisha akaniambia bila kugeuka, "Fundi, unasubiri nini? Mwezi hausubiri."

Nilijenga msingi ule kama mtu aliyetumwa na majeshi. Mawe yale yale meusi, maana jiwe halina dini mbaya, lilikuwa limekosea kazi tu. Mwezi ulipoandama, msingi ulikuwa nje ya ardhi kiasi cha kumwangusha ng'ombe. Bwana wa Kyela alijibiwa kwa heshima na gunia lake likarudi limejaa parachichi. Ndoa yetu ilifungwa baada ya Idi, kuta zimefika kifuani, bati hakuna, mvua ipo, maalim anasoma khutba chini ya mwavuli wa Nahodha uliovunjika. Nilipoulizwa kama nimekubali nilijibu kwa sauti kubwa mpaka Mzee Bakari akasema, "Punguza, asije akajibu na wa kilabuni." Ile mashine Nahodha aliendelea nayo mpaka ikazima kabisa, haikuwaka tena kwa betri yoyote, ya baridi wala ya moto. Akatuletea ndani ya soksi yake, akasema itunzeni. Ipo kwenye kabati la vyombo.

Basi siku ya msiba nilipanda bodaboda mpaka Kisondela, matope mpaka magotini, nikakuta vijana wanachimba na wameshaanza kubishana. Mmoja wa mjini anasema, "Tukuyu tunaangalia bega la mlima, bega la kulia, kila mtu anajua." Wamelielekeza kaburi kwenye mlima. Lakini hapo ni Kisondela, mlima haukai mahali pale pale ukiuangalia kutoka huku. Mwingine katoa simu yenye kibla, mshale unazunguka karibu na mawe na majembe, mwenzake kaleta ya kwake inaonyesha kwingine. "Simu yako ya bei poa!" "Yako ndiyo imelewa!" Niliwasikia Shomari na Bakari wamefufuka wote wawili, wamevaa suruali za kubana. Nikatia mkono kwenye mfuko wa koti nikakuta timazi. Sikuiweka mimi. Mke wangu aliitia wakati nafunga viatu.

Nikawaambia wanangu, tulieni, babu yenu huyu alitufundisha dawa yake. Mkiubeba mlima wa Tukuyu mpaka Kisondela, mnaubeba kama Mzee Shomari alivyoibeba Kilwa. Nikaning'iniza timazi kwenye majembe mawili. Ukungu ulikuwa mwembamba siku ile, jua limekaa nyuma yake kama taa ndani ya chandarua. Mashine sina, lakini Nahodha alishaniambia zamani, huna mashine, subiri kivuli kiwe kifupi kuliko vyote, hapo kivuli cha kamba kimelala kaskazini na kusini. Tukasubiri, vijana wamechuchumaa wanaweka vijiti, kivuli kinafupika, kinafupika, kikagoma. Nikasimama, nikauangalia upande wa kaskazini, nikanyoosha mkono. Ngumi moja, na unyoya. Wakaniiga wote, makaburini pale, vijana wazima ngumi mbele, jicho moja wamefumba. Tukalirekebisha kaburi. Tukamlaza Nahodha kwa ubavu wake wa kulia, uso wake unaangalia kule alikotuonyesha.

Nilirudi nyumbani mchana ule ule nimelowa. Mke wangu kanipashia ndizi nilizoziacha. Nikamweleza yote, majembe, simu, kivuli, ngumi. Akasikiliza mpaka mwisho, akaushika mkono wangu, akaukunja, akaugeuza huku na huku kama anachagua nyanya sokoni.

"Ngumi yenyewe ndiyo hii?" akasema. "Mbona imekonda hivi? Mzee, umemlaza Nahodha kaskazini kavu."

Roho ikanipasuka. Nikaunyoosha mkono mbele yangu nikauangalia, na kweli ngumi imekuwa kama limau. Nilikuwa nimeshasimama kuitafuta bodaboda ya kunirudisha Kisondela, ndipo nikamwona anacheka kwenye kanga, kama saa kumi ya chumbani kwa baba yake.

"Kaa ule," akasema. "Na mkono nao umefupika."